Neno Moja, Dhana Nne: Uhakiki wa Mwongozo wa Kuhariri Mafaili ya Mashine Pepe

Uhakiki wa istilahi aghalabu hufanywa juu ya orodha. Mhakiki huketi na safu mbili za maneno, akapima kama neno la upande huu latosha kubeba dhana ya upande ule. Njia hiyo ina manufaa yake, lakini ina upungufu mmoja mkubwa: orodha huweza kupendeza machoni na bado ikashindwa kazini. Katika makala haya hatuhakiki orodha. Tunahakiki mwongozo mfupi uliotafsiriwa kwa ajili ya watumishi wa ofisi, unaoeleza namna ya kuhariri mafaili ya usanidi wa mashine pepe kwa kutumia kompyuta ya mezani. Nia yetu si kumwaibisha mtu, kwa hiyo hatutaitaja ofisi iliyoutoa wala mfasiri wake. Tutalitaja hata hivyo kosa la meza yetu wenyewe, maana rasimu ya mwongozo huo ilipita kwetu, nasi tukairudisha ikiwa na masahihisho ya tahajia tu.

Jambo lililotufanya tuusome upya ni hili. Karani mmoja wa masijala alitaka kuiongezea kumbukumbu mashine pepe iliyokuwa ikitunza faharasa ya barua zinazoingia. Alifuata mwongozo neno kwa neno. Mwongozo ulimwambia, "Hakikisha mashine imehifadhiwa." Akaifunga dirisha la mashine kwa kuchagua lile chaguo ambalo mwongozo umeliita "hifadhi hali". Ukamwambia, "Hifadhi faili kabla ya kulihariri." Akalifungua faili, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Ukamwambia abadilishe tarakimu 2048 kuwa 4096, kisha "ahifadhi". Akafanya hivyo, lakini katika kuandika tarakimu mpya alifuta alama moja ya kunukuu bila kutambua. Alipoifungua programu tena, mashine yake iliorodheshwa kuwa haifikiki. Akatafuta lile faili alilodhani amelihifadhi kabla ya kuanza, asilione popote, kwa kuwa halikuwapo. Alituambia: "Ndugu zangu, mwongozo ulisema nihifadhi, nami nilihifadhi mara tatu."

Alisema kweli. Alihifadhi mara tatu, na kila mara alifanya jambo tofauti, na hata moja kati ya hayo halikuwa lile lililokusudiwa na mwandishi wa asili. Diski ya mashine haikuguswa, na fundi aliweza kujenga usanidi mpya na kuiambatisha diski ile ile. Hata hivyo masijala ilikaa siku mbili bila faharasa, na barua alizokuwa amezichapa asubuhi ile, ambazo zilikuwa zingali kwenye kumbukumbu ya mashine tu, zilipotea.

Dhana yenyewe

Kabla ya kuhakiki maneno, yafaa tuieleze dhana. Mashine pepe ni kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina diski yake, kumbukumbu yake na mfumo wake wa uendeshaji, na programu zinazoendeshwa ndani yake hufanya kazi kana kwamba ziko kwenye mashine kamili. Dhana hii si changa. Kampuni ya IBM iliifanyia kazi huko Cambridge, Massachusetts, katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wa VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakaieleza kwa masharti yanayotumika hadi leo: mashine ya namna hii ni nakala ya mashine halisi, iliyotengwa na nyingine, na inayofanya kazi kwa ufanisi. Kilichobadilika ni mahali inapokaa. Baada ya kampuni ya VMware kutoa programu yake ya kompyuta za mezani mwaka 1999, na VirtualBox kutolewa mwaka 2007, mashine pepe ilihama kutoka vyumba vya wataalamu ikaingia mezani kwa karani.

Kila mashine ya namna hii huelezwa na faili la usanidi. Humo mmeandikwa kiasi cha kumbukumbu, diski iliyoambatishwa, na namna ya kuunganishwa na mtandao. Kwa VMware faili hilo huishia na .vmx, nalo ni matini ya kawaida: kila mstari una jina, alama ya sawasawa, na thamani iliyofungwa katika alama za kunukuu. Kwa VirtualBox huishia na .vbox, nalo limeandikwa kwa lugha ya XML. Kwa kuwa ni matini, mtu yeyote aweza kulifungua na kulibadili. Urahisi huo ndio hatari yake, maana alama moja ikipungua faili zima halisomeki.

"Hifadhi" yenye kazi nne

Tumehesabu matumizi ya neno "hifadhi" katika mwongozo na kukuta kwamba limebebeshwa dhana nne.

Ya kwanza ni kuandika kwenye diski mabadiliko yaliyofanywa katika faili lililo wazi. Hii ndiyo maana iliyozoeleka na watumiaji wa kompyuta.

Ya pili ni kutengeneza nakala ya faili na kuiweka kando ili irudishwe la kwanza likiharibika. Hii ndiyo maana iliyokusudiwa katika sentensi ya "hifadhi faili kabla ya kulihariri". Lakini msomaji aliyezoea maana ya kwanza hawezi kuiona. Faili ambalo halijabadilishwa ukilihifadhi, hupati kitu kipya. Unaliandika faili lile lile juu ya lile lile.

Ya tatu ni chombo au mahali pa kuwekea data. Mwongozo unasema "angalia kama hifadhi inatosha", ukiwa na maana ya nafasi iliyobaki kwenye diski.

Ya nne ni kuisimamisha mashine papo hapo na kuitunza hali yake yote, pamoja na yaliyomo kwenye kumbukumbu, ili iendelee baadaye pale ilipoachia. Mashine iliyo katika hali hiyo haijazimwa. Ni kama mtu aliyelala usingizi katikati ya sentensi. Kumbadilishia kiasi cha kumbukumbu akiwa katika hali hiyo ni kosa, kwa sababu atakapoamka atataka kuendelea na mwili ule ule aliolala nao. Ndiyo maana programu yenyewe haikubali badiliko kama hilo kupitia dirisha lake la mipangilio hali hiyo ikiwa bado imetunzwa. Sentensi ya mwongozo, "hakikisha mashine imehifadhiwa", ilimpeleka karani kwenye hali ile hasa aliyotakiwa kuiepuka. Mwandishi wa asili alitaka mashine izimwe kabisa na nakala yake iwekwe kando.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Wafasiri kadhaa wamekwisha kutuambia kwamba neno la Kiswahili huchukua maana yake katika muktadha, na kwamba "hifadhi" limebeba mengi siku zote bila kumkosesha mtu njia. Twasema hifadhi ya taifa ya Serengeti, hifadhi ya jamii, na mwanafunzi wa chuoni kuhifadhi Kurani. Wala hakuna aliyewahi kumchanganya mwanafunzi huyo na mbuga ya wanyama. Pingamizi hili lina nguvu, nasi hatulipuuzi. Lakini muktadha huhitaji msomaji anayeijua shughuli yenyewe. Anayesoma habari za Serengeti anajua tayari mbuga ni nini. Anayesoma mwongozo hajui; ndiyo maana anausoma. Zaidi ya hayo, dhana hizi nne si jirani wa mbali kama mbuga na msahafu. Zote zinakaa katika ukurasa mmoja, zote zinahusu faili lile lile, na kila moja inaweza kuingia katika sentensi ya nyingine bila sarufi kulalamika. Hapo muktadha hausaidii kitu.

Wakati mwingine tumetumia nguvu nyingi kubishana juu ya mambo yasiyo na madhara. Je, tuseme kompyuta au tarakilishi? Wasomaji wetu wa Kenya wamelizoea zaidi la pili katika vitabu vya shule, na wa Tanzania la kwanza, na mashine iliyo mezani ni ile ile. Maneno mawili kwa kitu kimoja ni mzigo mdogo wa kumbukumbu. Neno moja kwa vitu vinne, katika maandishi ya kuelekeza kazi, ni mtego.

"Zima", "funga" na "sitisha"

Udhaifu wa namna hiyo hiyo umo katika maneno ya kukomesha kazi. Mashine pepe yaweza kukomeshwa kwa njia tatu. Yaweza kuambiwa ijifunge yenyewe, mfumo wake wa uendeshaji ukayafunga mafaili yake kwa utaratibu. Yaweza kukatwa ghafla, kama kompyuta iliyong'olewa waya ukutani. Au yaweza kusitishwa kwa muda hali yake ikatunzwa. Mwongozo unatumia "funga" na "zima" kwa kupokezana katika njia zote tatu, huenda kwa kuchelea kurudia neno moja. Uzuri huo wa mtindo unafaa katika insha. Katika maelekezo, msomaji akikutana na neno jipya ana haki ya kudhani ameletewa dhana mpya.

"Funga" lina tatizo la pili. Katika mwongozo linatumika pia kwa kufunga dirisha, na kwa faili kufungwa ili programu nyingine isiliguse. Kwa hiyo sentensi "faili likiwa limefungwa usilihariri" inasomeka kwa njia mbili zinazopingana: usilihariri likiwa haliko wazi, au usilihariri likiwa limekomelewa na programu inayolitumia. Maana ya pili ndiyo sahihi. VMware huweka alama ya kufuli, yenye mwisho wa .lck, kando ya mafaili ya mashine inayotumika. Tunashauri neno "komelea" kwa dhana hii. Mlango uliofungwa waweza kusukumwa. Uliokomelewa una mtu ndani.

Pepe au bandia?

Mwongozo unatumia "mashine pepe" katika kichwa chake na "mashine bandia" katika sura ya pili. Kila moja lina kasoro. "Pepe" tumelizoea katika barua pepe, ambamo linabeba wazo la kitu kipitacho kwa njia ya umeme. Na kwa mkulima wa mpunga pepe ni punje isiyo na kiini. "Bandia" ni kitu kilichotengenezwa mahali pa kile cha asili, kama meno bandia, au kitu cha udanganyifu, kama noti bandia.

Kati ya hayo mawili tunachagua "pepe", na sababu yetu si ya sauti wala ya mapokeo. Neno "bandia" humwambia msomaji kwamba kilicho mbele yake si cha kweli, kwa hiyo kikiharibika hapana hasara. Noti bandia ikichanika hakuna aliyepoteza shilingi. Lakini faharasa ya masijala iliyomo ndani ya mashine pepe ni faharasa halisi, na barua zilizopotea zilikuwa barua halisi. Istilahi inayopunguza tahadhari ya msomaji ni istilahi mbaya hata kama inaieleza dhana vizuri. "Pepe", kwa kuwa halina maana kali kichwani mwa msomaji wa ofisini, laweza kufafanuliwa mara moja katika ukurasa wa kwanza na likatii.

Mgeni na ngeni

Si haki kueleza kasoro tu. Mfasiri amefanya kazi njema sana aliposema "kompyuta mwenyeji" kwa ile halisi iliyo mezani na "mashine mgeni" kwa ile inayoendeshwa ndani yake. Maneno haya yametoka nyumbani kabisa. Kila msomaji anajua kwamba mgeni hutumia mali ya mwenyeji, kwamba mwenyeji mwenye chumba kimoja hawezi kulaza wageni watano, na kwamba nyumba ikizimwa taa mgeni naye hukaa gizani. Mgao wa kumbukumbu, ambao vitabu huueleza kwa kurasa kadhaa, unaeleweka kwa jozi hii ya maneno.

Kwa bahati mbaya jozi hiyo imeharibiwa na upatanisho wa kisarufi. Katika sura ya tatu "mashine mgeni" imekuwa "mashine ngeni". Mfasiri, au msahihishaji wake, ameona nomino ya ngeli ya I-ZI ikifuatwa na neno linaloanza kwa m-, akadhani ni kosa. Siyo kosa. "Mashine mgeni" ni nomino mbili zilizowekwa sambamba, yaani mashine ambayo ni mgeni. "Mashine ngeni" ni mashine usiyoizoea. Kwa hiyo sentensi "usilihariri faili ukiwa ndani ya mashine ngeni" imekuwa onyo dhidi ya kutumia kompyuta ya watu, ilhali ilikusudiwa kumwambia msomaji afanye kazi hiyo kutoka nje, kwenye kompyuta mwenyeji. Hatuna budi kukiri kwamba sahihisho hilo lilifanywa kwa kalamu nyekundu ya meza yetu.

Yaliyoachwa

Kuna mambo matatu yasiyo ya istilahi ambayo mhakiki wa istilahi hana ruhusa ya kuyanyamazia, kwa kuwa tafsiri hupimwa pia kwa yale isiyoyasema.

Kwanza, faili la .vbox lenyewe huanza na onyo la Kiingereza linalosema lisihaririwe kwa mkono, na kwamba mabadiliko yatakayofanywa wakati programu yoyote ya VirtualBox inaendeshwa yatafutwa kwa kuandikwa juu yake. Mfasiri hakulitafsiri onyo hilo kwa sababu halimo kwenye kitabu. Limo kwenye faili. Lakini msomaji wa Kiswahili ndiye aliyelihitaji kuliko wote. Tafsiri ya mwongozo haina budi kuwafikia wasomaji hata pale ambapo kitabu cha asili kilimtegemea msomaji ajisomee.

Pili, mwongozo unasema kwamba "kila faili la usanidi laweza kufunguliwa na kuhaririwa". Si kweli. Programu ya Hyper-V iliyokuja na Windows Server 2016 iliacha mafaili ya XML ikashika mafaili ya .vmcx, ambayo si matini na hayakukusudiwa kuhaririwa kwa mkono.

Tatu, mwongozo hautaji kwamba VirtualBox hutunza toleo lililotangulia la faili lake, lenye mwisho wa .vbox-prev. Toleo hilo si badala ya nakala ya akiba, lakini lingeweza kumpunguzia karani wetu zile siku mbili.

Mapendekezo

Kwa maana ya kwanza, tunashauri "hifadhi" libaki, maana limekwisha kukaa katika vitufe na vichwa vya watu. Kwa maana ya pili, tunashauri "weka nakala ya akiba". Tunajua kwamba "nakala rudufu" imeenea, wala hatumlaumu anayeitumia. Lakini kurudufu, kwa watu wa ofisi, ni kutoa nakala nyingi za waraka ili zigawiwe. Halisemi kwamba nakala imewekwa kando kwa siku ya shida. Akiba husema hivyo, na hata asiyewahi kuiona kompyuta anajua akiba huwekwa mahali pengine mbali na matumizi. Kasoro ya pendekezo letu ni urefu wake: maneno manne hayaingii kwa urahisi katika kitufe kidogo. Kwa maana ya tatu, tuseme "nafasi ya diski". Kwa maana ya nne, "sitisha na kutunza hali". Kwa kukomesha kazi: "zima kwa utaratibu" na "kata umeme", kila moja mahali pake.

Kwa programu iandikayo matini tupu, tunapendekeza "kihariri matini", kwa kufuata kawaida ya kiambishi ki- cha ala. "Mhariri" abaki kuwa mtu. Tofauti hiyo ina kazi, kwa sababu mwongozo unapomwambia msomaji "tumia mhariri wa kawaida", wapo waliofungua programu ya kuandikia barua na ripoti, ambayo hupenda kuzipinda alama za kunukuu na kuongeza mapambo yake isiyoambiwa.

Kwa maneno hayo, kifungu kile kingesomeka hivi:

1. Kama badiliko lako laweza kufanywa katika dirisha la mipangilio la programu yenyewe, lifanye humo, usiguse faili.
2. Vinginevyo, izime mashine mgeni kwa utaratibu. Usisitishe na kutunza hali, usikate umeme.
3. Kwenye kompyuta mwenyeji, funga madirisha yote ya VirtualBox.
4. Weka nakala ya akiba ya faili la usanidi katika kabrasha jingine, na uandike tarehe katika jina lake. Ifungue nakala hiyo uhakikishe inasomeka.
5. Lifungue faili la asili kwa kihariri matini. Badili jambo moja tu. Hifadhi.
6. Washa mashine mgeni. Ikikataa, usijaribu kurekebisha kwa kubahatisha: rudisha nakala ya akiba mahali pa faili lililoharibika, kisha uanze upya.

Hitimisho

Wapo wanaosimamia mashine pepe kwa zana iitwayo libvirt, na zana hiyo ina amri ya kuhariri yenye adabu nzuri. Mtu akiitoa, hapewi faili lenyewe. Hupewa nakala ya muda. Akimaliza, zana huikagua nakala hiyo, na ikiona kosa huikataa na kumwuliza kama anataka kujaribu tena. Faili la kweli halibadiliki mpaka nakala iwe imepita. Tumeona utaratibu huo ungetufaa na sisi. Rasimu ya mwongozo tuliyoipitisha ilisomwa na watu wanaojua Kiswahili, lakini haikufuatwa hata mara moja na mtu aliyeketi mbele ya mashine. Tangu sasa meza yetu haitapitisha mwongozo wowote wa kazi kabla haujapewa mtumishi asiyeijua kazi hiyo, akaufuata peke yake, nasi tukiwa pembeni tumenyamaza. Pale atakapokwama, neno hilo ndilo tutakalolijadili. Waalimu na wafasiri watakaopenda kutuletea miongozo yao ijaribiwe kwa njia hiyo, tunawakaribisha. Akiba haiozi, wala jaribio lililofanywa mapema halijamtia mtu hasara.